Jina Nyuma ya Nyota

Kila gari lilipokuja Iyunga kutoka upande wa mjini Mbeya, Tupokigwe aliinua mgongo. Awe anapalilia maharage, awe anaanika mahindi, awe ameshika kisu anamenya ndizi za jioni, mkono ulisimama na shingo ikageukia barabarani. Likiwa lori la kahawa, lilipita na vumbi lake naye akarudia kazi. Likiwa basi, na likasimama, alitazama kwanza miguu ya wanaoshuka. Saulo, mwanawe, alitembea akitupa miguu nje kama bata, na mama yake aliamini kwamba nchi za watu zinaweza kumbadilisha mtu sura, zikamnenepesha au zikamkondesha, lakini mwendo wake haziuwezi.

Majirani walikwisha mzoea. Zamani walimwonea huruma, baadaye wakamcheka, mwisho wakaacha yote mawili.

Saulo alijiandikisha Keya, jeshi la Mfalme, vita vya Hitla vilipopamba moto. Baba yake alikuwa amefia kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, na kijana hakutaka kuingia katika shimo lililommeza mzee. Aliona heri bunduki. Alipanda lori pale pale barabarani akapunga mkono, na mama yake hakulia, kwa sababu Damari, bibi harusi wa juzi juzi, alikuwa analia kwa niaba ya nyumba nzima. Zilikuja salamu kutoka Nairobi, zikaja kutoka kisiwa cha Selani, halafu kutoka Burma hazikuja. Vita vilipokwisha, karani wa boma alitangaza barazani kwamba askari Saulo Mwakalobo hakuonekana.

"Hakuonekana si amekufa," Tupokigwe alimwambia karani mbele za watu. "Hata mimi sasa hivi kule Tukuyu sionekani."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona haya. Na hapo ndipo mambo yaliposimama, yakasimama hivyo mpaka mwaka wa hamsini na nne.

Katika ukoo wao, mtu aliyefia mbali hakuachwa hivi hivi. Lilichimbwa kaburi nyuma ya nyumba, kando ya migomba, kikawekwa ndani kitu kilichogusa mwili wake: shati, kisu, mpini wa jembe alioushika. Kilifukiwa kama anavyofukiwa mtu, waliozika wakanawa mikono, matanga yakaanuliwa na nyumba ikapumua. Bila kitu hicho hapakuwa na maziko, na bila maziko mke hakuwa mjane. Kanisa nalo halikukubali kumfungisha ndoa mwanamke ambaye mumewe hajulikani aliko.

Asukile, ndugu wa marehemu mume wa Tupokigwe na mkubwa wa ukoo, alikuja mara baada ya tangazo la boma kuomba shati la Saulo. Hakulikuta. Saulo aliacha shati moja tu, la buluu, likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na asubuhi ile ile Tupokigwe alikuwa amelishusha akampa msafiri aliyekuwa anakwenda Tunduma, mtu asiyemjua hata jina. Hata fimbo ya kuchungia mbuzi aliitia jikoni ikaivisha maharage. Asukile aliutazama ule msumari mtupu, akamtazama shemeji yake.

"Umemficha," alisema.

"Nimempa nguo mtu mwenye baridi."

Tangu hapo walikaa wakisalimiana kwa adabu sana, kama watu wenye kesi.

Aliyelipa gharama ya msumari ule ni Damari. Aliingia nyumba ile msichana, na sasa nywele za pembeni zilianza kumgeuka mvi. Saulo hakumwachia mtoto. Damari alilima, alipika, alimkanda mama mkwe miguu siku za baridi, na hakudai chochote. Lakini kulikuwa na mtu wa Rujewa, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mkewe, ambaye alituma salamu, kisha akatuma mchele. Damari aliupika bila kusema umetoka wapi. Tupokigwe aliula bila kuuliza. Aliona tu jinsi mkamwana wake alivyouchambua ule mchele juani, polepole, akiitazama kila punje kabla ya kuisogeza. Jicho la Tupokigwe halikupitwa na kitu, na hiyo ilikuwa adhabu yake: kuona, kisha kujifanya hakuona.

Ndipo akaja Jailos.

Ilikuwa mwezi wa sita, upepo wa mlima Loleza ukikata masikio. Mtu mrefu, mkavu, alisimama uani amevaa koti la kijeshi lililopauka, na kifuani nishani zake, kama wavaavyo askari wa zamani wakienda penye msiba au kwa mkubwa. Alijitaja kuwa ni Jailos, mtu wa Umalila, sasa mlinzi wa magari ya kahawa mjini. Alisema alikuwa kikosi kimoja na Saulo. Tupokigwe alimpa kigoda na akabaki amesimama mwenyewe, akimtazama. Mgeni aliweka mikono magotini, akaitazama mikono hiyo muda wote aliokuwa akisema.

Alisema Saulo alipigwa risasi penye mto Chindwin wakivuka, akafa papo hapo, kifo cha mwanamume. Kabla hawajamwacha, yeye Jailos alimtoa kifuani nyota aliyopewa na Mfalme, akaitunza miaka yote hii. Alifungua kitambaa. Ilikuwa nyota ya shaba yenye ncha sita, taji katikati, na utepe wake wa buluu wenye mstari mwekundu. Aliigeuza. Nyuma yake paliandikwa SAULO MWAKALOBO.

Damari alikaa chini pale pale alipokuwa. Tupokigwe aliipokea ile nyota, akaipima uzito kwa kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya jina. Herufi zilimkwaruza. Alipoinua macho alimwona mgeni amekunja uso, kama mtu anayesubiri sindano. Na kitu kingine alikiona, kwenye lile koti, kikamgonga kisha kikamponyoka. Alishindwa kujua ni nini.

Asukile alipoletewa habari alikuja mbio, na uzee wake wote. Kitu kilichogusa mwili kimepatikana, na kimekaa kifuani, pahali penye moyo. Shati gani lingekishinda? Alipanga maziko baada ya wiki moja, ukoo upate kukusanyika. Tupokigwe hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, nyota ikae kwake mpaka siku hiyo, na kesho yake akatangaza kwamba anakwenda Iringa kuwaarifu watu wake. Asukile alijua fika kwamba shemeji yake hana mtu Iringa. Lakini mwanamke aliyekubali kaburi baada ya miaka yote ile humkatazi safari.

Ukweli ni kwamba alikuwa amesikia habari za Didas. Wazee wa Keya sokoni Mbeya walikuwa wakimlalamikia sana. Kule Iringa, Mgiriki mmoja wa mashamba ya tumbaku alikuwa anakusanya nishani za vita, na wajanja walipoligundua hilo walianza kumtengenezea nyingine nyuma ya nyumba zao. Tangu hapo Mgiriki hakununua hata utepe mpaka Didas Kalinga aushike kwanza. "Yule Mhehe," walisema wale wazee, "atakuambia hata nishani yako ililia wapi ilipozaliwa."

Walipanda basi la shirika la Reli mjini Mbeya, yeye na Damari, nyota ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga. Damari hakuuliza sababu ya safari mpaka walipoteremka kwenye uwanda wa Usangu na joto likawavua mashuka. Hapo alisema, macho yake yakiwa nje, "Mama, unatafuta aseme nini huyo mtu?"

"Aseme kweli."

"Kweli ipi?"

Tupokigwe alilipapasa fundo la kanga. Basi lilipofika njia panda ya kwenda Rujewa lilisimama, wakashuka watu wawili wenye magunia. Damari aligeuza uso upande wa pili na kuutazama mlima usiokuwa na kitu cha kutazamwa, akaendelea hivyo mpaka njia ile ilipoachwa mbali. Mama mkwe aliliona hilo pia. Aliyaona yote mawili, njia na shingo ya binti ya watu iliyojikaza, na kwa mara ya kwanza alijiuliza ni nani hasa aliyefichwa siku ile ya shati.

Walifika Iringa wakiwa vumbi tupu, wakalala kwa watu wa kanisa, na asubuhi wakaelekezwa kwenye baraza la duka moja la Mhindi karibu na soko. Didas alikuwa kwenye cherehani yake, mnene, miwani imefungwa uzi, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Alikuwa mtu wa Kalenga, na wakati wa vita alikuwa Keya, lakini si wa bunduki. Yeye alikuwa wa stoo. Vita vilipokwisha, masanduku ya nishani yalipita mikononi mwake, akazifungua, akazipanga, akawagawia wenzake waliokuwa wanarudi makwao. Sasa alishona kaptula za shule, na kila ulipokaribia mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwakumbuka wafu wa vita, askari wa zamani walimletea nishani zao awabadilishie utepe uliochanika.

"Kamwene, mama," alisema. "Unauza au unalia? Wanaokuja na kitu kwenye pindo la kanga ni wa aina hizo mbili."

"Bado sijajua," Tupokigwe alisema.

Didas aliacha kukanyaga cherehani. Aliwasogezea benchi.

Hakuigusa nyota mara moja. Kwanza aliwaonyesha bati la biskuti alilokuwa nalo chini ya meza, limejaa nishani. Alisema hizo ni yatima wake, za bandia zote, wenyewe wamezikana. Akachukua moja akampa Tupokigwe aipapase. "Hii ilizaliwa hapa hapa Iringa, na baba yake ni bomba la maji," alisema. "Shaba imeyeyushwa ikamiminwa kwenye mchanga. Unasikia? Ina vipele kama mtoto wa surua. Ya Mfalme haikumiminwa, iligongwa na mashine pigo moja. Uso laini, ncha kali." Akampa nyingine ambayo taji lake lilikuwa limevimba kama andazi, akaeleza kuwa aliyeitengeneza alichukua alama ya ile ya kweli kwenye udongo, na udongo hauwezi kushika mstari mwembamba. Alisema kwa furaha ya mtu anayependa kazi yake, na Tupokigwe aliona kwamba anawachelewesha makusudi, kama daktari anayepasha mikono joto kabla ya kumshika mgonjwa.

Kisha akanyoosha kiganja. Aliishika nyota, akaipapasa ncha zake moja moja, akaigeuzia mwangani, akaigonga kidogo kwa ukucha na kuisikiliza. Akatazama pete ya juu ya nyota. Akautazama utepe.

"Ni ya kweli," alisema.

Tupokigwe alitoa pumzi. Damari aliinamisha kichwa.

"Nyota ni ya kweli," Didas alirudia, sauti yake ikishuka. "Nani aliwaambia imetoka wapi?"

Tupokigwe alimweleza: mto Chindwin, risasi, kifuani mwa mwanawe. Didas alisikiliza akiwa ameishika ile nyota kama mtu aliyeshika yai. Kisha alisema, bila mzaha sasa, kwamba huko Burma hakuna askari aliyepata kuvaa nyota hii. Ilikuwa bado haijatengenezwa. Nyota zilikuja vita vimekwisha, ndani ya masanduku, na yeye mwenyewe aliyang'oa misumari yake. Aliyekufa penye mto ule hakuiona kwa macho.

Ilimchukua Tupokigwe muda mfupi tu kulifikia lile neno, kwa sababu miaka yote alikuwa ameketi karibu nalo. Alimshika Didas mkono.

"Basi aliipokea yu hai," alisema. "Vita vikiwa vimekwisha. Mwanangu aliipokea kwa mkono wake."

Sokoni watu walikuwa wanapigia debe viazi. Damari alifumba macho. Didas hakuutoa mkono wake, aliuacha ushikwe.

"Mama," alisema, "nitakuonyesha kitu, kisha wewe mwenyewe useme. Mimi sitasema."

Aliigeuza nyota. Akasema kwamba nyota hizi zilitolewa bila majina, za wote. Katika masanduku yale hakupata kuona hata moja yenye jina. Jina hili limechorwa na mtu, kwa msumari na nyundo. Kisha akaelekeza ukucha kwenye mikunjo ya taji, mbele, penye unga mweupe ulioganda. Ilikuwa dawa ya kung'arishia shaba, iliyokauka humo mwaka baada ya mwaka. Mwenye nyota hii aliipenda, aliisugua mara kwa mara. Akaigeuza tena. Ndani ya herufi za jina hapakuwa na unga hata chembe, na shaba ya humo ilikuwa inang'aa kama imekatwa jana.

"Imesuguliwa miaka," Tupokigwe alisema taratibu, "bila jina."

"Ndiyo."

"Jina ni la juzi."

"Ndiyo, mama."

Bado matumaini yalikuwa yanatafuta tundu la kupitia, kama panya kwenye ghala; labda Saulo mwenyewe ameliandika juzi, labda yuko mahali. Alimwuliza Didas nyota za waliokufa zilikwenda wapi. Didas alisema zilipelekwa kwa mama zao na wake zao waliofika boma kuziomba. Akauliza kama yeye aliwahi kwenda. Tupokigwe alitikisa kichwa. Kwenda kuomba nyota ya marehemu kungekuwa kumwita Saulo marehemu.

"Na huyu aliyekuletea," Didas aliuliza, "naye alikuwa Burma?"

Alisema ndiyo.

Didas aliinuka, akaingia dukani, akarudi na koti lake mwenyewe. Nishani zilikuwa nne kifuani, zimeshikana bega kwa bega. Alieleza kwamba kila askari wa Burma aliyerudi ana mstari kama huu, na haupangwi ovyo: nyota ya vita vyote huanza, nyota ya Burma ya pili, kisha hizi mbili za mviringo. Aliweka kidole juu ya ile ya pili.

Tupokigwe aliitazama, na kile kilichomponyoka uani kwake kikarudi. Koti lililopauka. Nyota moja upande huu, mbili za mviringo upande ule, na katikati pengo, kama jino lililong'olewa.

Aliifunga nyota kwenye pindo, akamshukuru Didas kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwishia. Njia nzima ya kurudi alilia bila sauti. Penye njia panda ya Rujewa Damari hakugeuza uso, maana alikuwa amemwegemeza mama mkwe begani.

Alimwita Jailos siku moja kabla ya maziko. Alikuja na koti lile lile. Tupokigwe alimwambia alivue, mkono wake umefumuka, haifai kusimama mbele ya ukoo na koti limefumuka. Jailos alilivua. Mama aliliweka magotini, sindano mkononi, na hakushona. Penye lile pengo kitambaa kilikuwa bado kijani, kibichi, hakikupigwa na jua. Palikuwa na kivuli cha kitu kilichoning'inia hapo miaka mingi. Alichukua nyota, akaiweka juu ya kivuli. Ilienea.

"Nyota yako ni hii, baba," alisema.

Jailos aliangalia mlangoni, kama anayepima mbio.

"Ulikuwa unaisugua," Tupokigwe aliendelea. "Mtu hasugui hivyo kitu asichokipenda. Sasa niambie ya mwanangu, na safari hii usinipambie."

Ilitoka polepole. Hapakuwa na risasi, wala mto. Ilikuwa homa, katika bonde la Kabaw, mvua isiyokatika, matope ya kiunoni, watu wakianguka kwa homa zaidi kuliko kwa Mjapani. Saulo aliugua siku chache tu. Yeye Jailos alimbeba mpaka penye mti mkubwa, akakaa naye, na alipokufa alimchimbia kaburi pale pale kwa bakuli la bati na mikono. Nguo zake zote zilichomwa kwa amri, kwa sababu ya chawa na homa. Kisha bonde likafurika, na waliokwenda baadaye kulitafuta kaburi hawakuona kaburi wala mti. Ndipo ikaandikwa hakuonekana.

"Na miaka yote hii uko Mbeya hapa," Tupokigwe alisema.

"Ningekuja na nini, mama? Mkono mtupu? Mngeniambia yuko wapi, nimemwacha wapi, kitu chake kiko wapi. Na mimi nakuona. Kila tukienda Mbozi kuchukua kahawa tunapita hapa, na kila tukipita unainua mgongo. Siku hizi lori likikaribia Iyunga nalala kwenye magunia usinione." Alipangusa uso kwa kiganja. "Mwaka huu nikasikia habari za huyu dada na mtu wa Rujewa. Nikasema, kitu kilichogusa mwili sina. Basi nitoe hiki changu nimwandikie jina lake. Sikujua kama kuna mtu anaweza kuisoma shaba."

Sindano ilikuwa bado mkononi mwa Tupokigwe.

"Alisema nini?" aliuliza.

Jailos aliitazama mikono yake. "Mwishoni alikuwa hayuko kule. Alikuwa huku. Aliisikia mvua, akaniambia, inakuja, kaingize mbuzi."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimekwisha waingiza wote. Akalala."

Tupokigwe alishona mkono wa koti. Alishona vizuri, mishono midogo midogo. Alipomaliza aliishikiza nyota kwenye pengo lake, akamrudishia mwenyewe.

Kesho yake ukoo ulijaa uani. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya migomba, na Asukile alisimama ukingoni amenyoosha mkono apewe kitu. Tupokigwe alimwambia hana. Watu walinung'unika, na Asukile alimtazama kwa macho ya siku ile ya shati.

"Shemeji, tena?"

"Nyota haikumgusa," alisema, akimwonyesha Jailos aliyesimama kando yake. "Ni ya huyu, na ataivaa yeye. Lakini Saulo alizikwa, na aliyemzika ndiye huyu, kwa mikono hii. Hajanawa bado. Aliyezika hunawa nyumbani kwa marehemu, na yeye hakuwahi kufika."

Asukile alisema maji si kitu cha kuzika. Katika ukoo wao haijaonekana. Tupokigwe alimjibu kwamba hata mtu kuzikwa na mgeni nchi ya Burma haijaonekana katika ukoo wao, na imekuwa. Mzee alifikiri, akaitazama mikono ya Jailos, mirefu, yenye mishipa. Mwisho alisogea kando, akinung'unika kwamba mwanamke huyu atamzika hata yeye kwa njia ya peke yake.

Damari ndiye aliyeleta kibuyu. Jailos alipiga magoti ukingoni, akaiweka mikono yake juu ya kaburi, na Damari akammiminia maji taratibu mpaka kibuyu kikaisha. Maji yalishuka kwenye udongo mwekundu, udongo ukayanywa. Tupokigwe alikuwa wa kwanza kutupa mchanga. Kilio alichokitoa hapo, wanawake wa Iyunga walisema, kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu mpaka kilikuwa na sauti ya mtu mwingine.

Mavuno ya mpunga yalipokwisha Damari alikwenda Rujewa, kwa ndoa ya kanisa, na Tupokigwe akamfungia mzigo kwa mikono yake. Jailos hupita na lori la kahawa akiwa amesimama juu ya magunia, na hupunga mkono. Magari mengine yakija, mgongo wa Tupokigwe bado huinuka. Umezoea, na yeye haukatazi. Hutazama miguu ya wanaoshuka, kisha hurudi kwenye maharage yake.

Ila wingu likianza kujikusanya juu ya Loleza, hata kama jua bado linawaka na majirani wanamshangaa, huacha jembe pale pale shambani. Huwaendea mbuzi akawafungua kwenye kamba zao, mmoja mmoja, akawaingiza wote ndani.